Meza Kabla ya Mgomo

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalishinda yamefungwa. Soko hilo si la Dar es Salaam peke yake. Mwenye duka wa Sumbawanga na wa Songea hufungasha mzigo hapo, na wateja kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo hulala gesti za mitaa ya jirani wakisubiri marobota yao yapakiwe. Malalamiko ya waliofunga yalikuwa yanajulikana mjini kote: kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi, agizo la kusajili stoo, na makadirio ya ushuru bandarini ambayo mwagizaji hawezi kuyajua mapema. Siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine, akasimamisha baadhi ya mambo papo hapo na kuahidi kamati ya pamoja ya Serikali na wafanyabiashara. Maduka yakafunguliwa. Mwaka mmoja na wiki kadhaa baadaye, tarehe 24 Juni 2024, yakafungwa tena, na safari hiyo mgomo ukatoka Dar es Salaam ukafika Mwanza, Mbeya na miji mingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba vyombo vya kusemea havikukosekana. Tanzania Bara ina Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, yaani TCCIA, tangu mwaka 1988, yenye ofisi mikoani na wilayani. Ina Shirikisho la Wenye Viwanda tangu 1991, na Taasisi ya Sekta Binafsi tangu 1998. Tangu 2001 lipo Baraza la Taifa la Biashara ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe, na chini yake yapo mabaraza ya mikoa yanayoongozwa na wakuu wa mikoa na ya wilaya yanayoongozwa na wakuu wa wilaya. Kwa maandishi, mwenye frem ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ana ngazi tatu za kupandishia kero yake kabla hajafikiria kutia kufuli. Kwa nini basi kero hiyo haikupanda hadi ilipofungwa milango? Jibu langu ni kwamba tumeichukulia chemba ya biashara kama klabu ya wenye mali, au kama ofisi ya kutolea vyeti, ilhali kazi yake ya kwanza ni ya umma: kuchukua shida ya mtu mmoja mwenye duka, kuipima na shida za wenzake, kuitafutia ushahidi, na kuifikisha mezani ikiwa hoja ambayo Serikali inaweza kuijibu na wananchi wengine wanaweza kuihukumu. Kazi hiyo isipofanyika, anayeumia ni mji mzima, kuanzia kuli asiye na mzigo wa kubeba hadi mama wa mkoani anayekuta bei ya sufuria imepanda.

Chemba ni chombo cha zamani. Ya Marseille, Ufaransa, ilianza mwaka 1599. Hamburg wafanyabiashara wa baharini walijiundia baraza lao mwaka 1665, hasa kwa sababu meli zao zilikuwa zikitekwa na maharamia na hakuna mtu mmoja aliyeweza kulipia ulinzi wa msafara. New York walifuata mwaka 1768, Glasgow mwaka 1783. Nyingi zilianzia kwenye miji iliyoishi kwa bandari, na sababu yake inaeleweka. Gati, taa ya kuongozea meli, sheria ya madeni, njia salama, vyote ni vitu ambavyo kila mfanyabiashara anavihitaji na hakuna anayeweza kuvitengeneza peke yake. Na tofauti na chama cha watu wa kazi moja, chemba huwakusanya wenye kazi zinazogongana. Mwenye kiwanda cha saruji anataka saruji ya nje itozwe ushuru mkubwa. Fundi wa matofali anataka saruji ya bei nafuu popote itokapo. Mwenye lori anataka tu barabara na mizani isiyomchelewesha. Wakiwa wote ndani ya nyumba moja, hawawezi kwenda kwa waziri na dai la mmoja wao kabla hawajalumbana. Hoja inayotoka baada ya mabishano hayo huwa imeshapunguzwa ubinafsi wake, ingawa haujaisha. Ndiyo sababu naiona chemba kuwa karibu na maslahi ya umma kuliko vyama vya biashara moja moja, mradi milango yake iwe wazi kwa wote.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani mtaani, na kwa hiyo haithaminiwi. Chukua cheti cha uasili wa bidhaa. Mtu anayesafirisha ufuta wa Lindi au choroko za Shinyanga hawezi kupokelewa vizuri na forodha ya nchi nyingine bila karatasi inayothibitisha kwamba mazao hayo yamelimwa hapa, kwa sababu kiwango cha ushuru hutegemea nchi yalikotoka. Kazi ya kutoa vyeti hivyo ni miongoni mwa zile zinazofanywa na TCCIA. Au chukua herufi ambazo mwagizaji wa Kariakoo huzitamka kila siku anapozungumza na kiwanda cha Guangzhou: FOB, CIF. Ya kwanza inamaanisha muuzaji anamaliza wajibu wake mzigo ukishapanda melini. Ya pili kwamba ameshalipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Maneno hayo yalikuwa yakitafsiriwa kila bandari kivyake mpaka Chemba ya Kimataifa ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1919 na kuwa na makao yake Paris, ilipotoa kanuni zake za mwaka 1936. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1923, chemba hiyohiyo ilikuwa imeunda mahakama yake ya usuluhishi, ambayo hadi leo husimamia usuluhishi wa mashauri ya kibiashara kati ya watu wa nchi mbalimbali. Hata ile ya New York iliweka kamati ya usuluhishi katika mwaka wake wa kwanza. Deni linaloamuliwa na wanaoijua biashara, kwa muda mfupi na gharama ndogo, ni kesi moja iliyoondolewa kwenye foleni ya mahakama za kawaida, na kwa mwenye mtaji mdogo muda huo ndio tofauti ya kuendelea na kufilisika.

Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Huko kijana anayejifunza kazi hugawa wiki yake kati ya kiwanda na shule, na chemba ya eneo lake ndiyo inayosajili mkataba wake, inayokagua kama kiwanda kinafaa kufundishia, na inayosimamia mtihani wa mwisho. Cheti cha chemba ndicho mwajiri anachokiamini, kwa kuwa waajiri wenyewe wameshiriki kusema kijana ajue nini. Sisi tuna mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, tangu sheria ya mwaka 1994 na tuna tozo ya kuendeleza ujuzi inayokatwa kwa waajiri, lakini lawama ya wenye karakana kwamba vijana wanahitimu bila kuzijua mashine zinazotumika sasa haijaisha. Chemba ya mkoa yenye orodha ya karakana zilizo tayari kuwapokea wanafunzi ingekuwa na la kusema kwenye mjadala huo kuliko barua ya malalamiko.

Kwetu, historia ya vyama vya wafanyabiashara haikuanza mwaka 1988, na inafaa ikumbukwe kwa sababu mambo mengi yanayotokea leo yalishatokea. Miaka 100 kabla ya mgomo wa Kariakoo, mwaka 1923, wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka kwa wiki nyingi. Serikali ya Gavana Horace Byatt ilikuwa imeleta kodi ya faida na sheria za leseni, pamoja na sharti la kuweka vitabu vya hesabu kwa lugha ambazo Kigujarati, lugha ya vitabu vyao vingi, hakikuwamo. Sheria ilitungwa bila kuulizwa wale watakaoitii. Tatizo la wakati ule lilikuwa pia kwamba wafanyabiashara walijipanga kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Nchini Kenya mgawanyiko huo ulidumu mpaka baada ya uhuru, na ni mwaka 1965 tu ndipo chemba tatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, zilipounganishwa kuwa chemba moja ya taifa. Kila kundi lilipokuwa likimsemea mtu wa rangi yake, hakuna lililoweza kusema kwa niaba ya mji.

Kati ya vyama vya wakati huo, ninachokithamini zaidi ni kile kidogo kuliko vyote. Mwaka 1934, hapahapa Dar es Salaam, mwenye duka aliyetoka Uganda, Erica Fiah, alianzisha chama cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Wanachama wake walikuwa na vibanda na maduka madogo, mikopo hawapewi, leseni zinawasumbua, na wauzaji wa jumla hawawaamini. Haikuchukua muda mrefu Fiah akaona kwamba shida ya mwenye kibanda haiwezi kutenganishwa na shida ya mteja wake. Kibarua asiyelipwa hana cha kununulia. Chama kikajiongezea shughuli za ustawi wa jamii na kuziingiza hata kwenye jina lake, na mwaka 1937 Fiah akaanzisha gazeti la Kiswahili, Kwetu, lililoandika juu ya maisha ya Waafrika wa mjini kwa ujasiri ambao wakubwa hawakuupenda. Mwanza nako, Paul Bomani alijifunza kuongoza akiwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika, kabla hajawaongoza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa na kuwa waziri wa fedha. John Rupia, mfanyabiashara, alikuwa makamu wa rais wa TANU, chama kilichodai uhuru, na mmoja wa waliokibeba chama hicho kwa fedha zao. Katika vyama hivi watu walijifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kutunza hazina ya wengine na kumjibu ofisa bila kutetemeka. Nchi iliyokuwa ikitafuta uhuru ilikuta watu hao wameshafundishika.

Baadaye mnyororo ulikatika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla na ya nje iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakaamriwa kufungwa, kisha agizo likalegezwa bidhaa zilipoadimika. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sitaki kuyarudia mabishano ya siasa za wakati ule, ambazo zilikuwa na nia njema ya kuzuia wachache wasiwanyonye wengi. Ninalotaka kulionyesha ni matokeo yake kwa vyama: kizazi kizima cha wafanyabiashara kilikua kikijua kwamba usalama uko katika kukaa kimya, kutoandikishwa, na kumjua mtu mmoja ofisini. TCCIA ilipoanzishwa mwaka 1988, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ilikuta watu wa namna hiyo. Tabia ya kumaliza mambo kwa kujuana haiondoki kwa kuandika katiba ya chama. Ukimuuliza mwenye duka leo kwa nini hajajiunga na chemba, usishangae akikwambia hana shida ya kuonekana.

Hapa ndipo zinapoanza pingamizi, na ya kwanza ni nzito. Adam Smith, mwanauchumi aliyelitetea soko kuliko wote, alionya mwaka 1776 kwamba watu wa biashara moja ni nadra kukutana bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya wananchi au mbinu ya kupandisha bei. Je, si hatari kuwapa wafanyabiashara nyumba rasmi ya kukutania? Zanzibar ina mfano wa kufikirisha. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu kilichoundwa kwa amri yake mamlaka ya pekee ya kununua na kusafirisha zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, India ikasusia karafuu za Zanzibar, na kwa kuwa India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, Serikali ililazimika kutafuta mapatano mwaka 1938, wafanyabiashara wakarudishiwa sehemu ya biashara yao. Wao walisema wanatetea haki ya kufanya kazi. Serikali ilisema inamtetea mwenye shamba aliyezama kwenye madeni ya wafanyabiashara haohao. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na aliyekosa kiti katika mabishano yale ni mchumaji wa karafuu, ambaye hakuwa na shamba wala duka.

Mfano wa sasa uko karibu zaidi. Julai 2025 Serikali ya Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wameliomba jambo hilo kwa muda mrefu, na uchungu wao unaeleweka: mtu aliyepanga frem kwa mkopo hawezi kushindana na anayeleta mzigo moja kwa moja kutoka kwenye kiwanda cha ndugu yake. Lakini agizo hilo liliamsha malalamiko Kenya, ambayo ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mnunuzi wa kawaida naye ana haki ya kuuliza bei itaelekea wapi. Chemba iliyo hai ingelibeba dai hilo pamoja na gharama zake, ikiwaita mezani wenye maduka, waagizaji, na wanachama wake wanaouza Nairobi na ambao wanaweza kulipiziwa. Onyo la Smith ni la kweli, ila kinga dhidi ya njama haiko katika kuwazuia watu kukutana, kwani watakutana tu, msibani au harusini. Iko katika kuwachanganya wenye maslahi yanayopingana na kuyaweka hadharani waliyoyazungumza. Njama hustawi pale wanapokaa wa aina moja na kumbukumbu haziandikwi.

Pingamizi ya pili ni kwamba chemba ni ya matajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kiwanda hajui machinga anavyokimbizana na mgambo. Ukiangalia nani ana muda wa kuhudhuria semina hotelini siku ya kazi, pingamizi hii ina mashiko. Wapo wanaopendekeza tufanye kama Ujerumani, ambako kila biashara inayotozwa kodi ya biashara ni mwanachama wa chemba kwa sheria, apende asipende, na mdogo sana husamehewa ada. Jambo hilo lilipelekwa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, na hukumu ya mwaka 2017 ilisema ulazima huo unakubalika, lakini kwa sharti ambalo naliona la thamani kuliko ulazima wenyewe: chemba lazima iseme kwa ajili ya maslahi ya wote, na haiwezi kuyafunika maoni ya walio wachache. Mwaka huohuo, Hamburg, kundi la wanachama waliokuwa wakipinga ada za lazima liliingia kwenye uchaguzi wa chemba na kutwaa karibu viti vyote. Kwamba wapinzani wa ada walipata njia ya kuingia na kuongoza kunaonyesha uchaguzi ule si wa maonyesho.

Pamoja na hayo, siungi mkono ulazima kwetu. Mfanyabiashara wa hapa tayari anahesabu leseni, ushuru wa huduma, zimamoto, vipimo, taka, na mashine ya risiti za kodi, EFD. Ukimwongezea ada ya chemba kwa amri, ataiita tozo na atakuwa sahihi, kwa kuwa bado hajaona chemba ikimfanyia kazi. Mwaka 2018 machinga waliuziwa vitambulisho vya shilingi 20,000 kila kimoja na walivinunua kwa wingi, kwa sababu walielewa wanachokipata: ruhusa ya kutofukuzwa. Somo lililomo humo ni kwamba mdogo yuko tayari kulipa anapoona kinga. Chemba inaweza kuwapokea wamachinga na mama lishe kwa vikundi, kundi moja likalipa ada moja na kupata kura moja, ada ikalipwa kidogo kidogo kwa simu, na mkutano ukafanyika saa mbili usiku sokoni badala ya saa nne asubuhi hotelini. Hayo hayahitaji sheria mpya ya Bunge.

Wengine husema kinyume chake, kwamba ubaya wa chemba si utajiri, ni kuwa karibu mno na Serikali. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa baraza la biashara la wilaya; ofisa wa kodi amekaa upande ule wa meza; nani atanyoosha mkono kusema jina la ofisa anayedai rushwa? Hofu hiyo ni ya haki, na haiponywi kwa hotuba za kuhimiza ushirikiano. Ndiyo maana nataka kero ipite kwanza kwenye chemba kabla ya kufika barazani. Mtu mmoja akisema ametozwa mara mbili, ataulizwa risiti yake na kesho yake duka lake litakaguliwa. Chemba ikifika na orodha ya matukio 60 ya miezi mitatu, yenye tarehe na viwango, bila majina ya waliotozwa, mazungumzo huwa juu ya utaratibu. TCCIA yenyewe iliwahi kujaribu njia ya kupokea kwa simu taarifa za vikwazo vya biashara kutoka kwa madereva na wasafirishaji wa mizigo, na hiyo ndiyo namna ya kazi ninayoisema: mtu wa barabarani anatoa habari, chombo kinaipa uzito. Linabaki suala la fedha. Chemba inayoishi kwa ada ya vyeti au kwa msaada wa wafadhili inaweza kudumu miaka mingi hata wanachama wake wakiwa wamelala. Inayoishi kwa ada za wanachama hufa ikiwasahau. Kwa hiyo mapato ya kila ofisi ya mkoa, na asilimia inayotoka mifukoni mwa wanachama, ni habari ambayo ingepaswa kubandikwa ukutani.

Kisha ipo pingamizi ya mwenye hasira, ambayo naichukulia kwa uzito zaidi ya zote: mgomo umefanya kwa siku tatu kile ambacho vikao havikufanya kwa miaka. Ni kweli Waziri Mkuu alikuja. Ni kweli pia kwamba baada ya mgomo wa 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuutazama upya mfumo wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mgomo ni haki ya mtu aliyezibiwa njia, na sitamlaumu aliyefunga. Lakini tuangalie ushahidi wa tarehe hizo mbili. Mambo yaliyolalamikiwa Juni 2024 yalifanana sana na ya Mei 2023. Mgomo ulipata tamko. Haukupata mtu wa kuuliza kila mwezi tamko limetekelezwa wapi na limekwama kwa nani. Ufuatiliaji ni kazi ya ofisi yenye makabati, mhasibu na mwanasheria, kazi isiyopigiwa makofi. Tena mgomo unamgharimu mdogo kuliko mkubwa: mwenye maghala matatu anaweza kukaa siku nne bila kuuza, ila kijana anayeuza soksi kwa siku anakula alichouza siku hiyo. Nguvu ya mgomo inabaki kuwa tishio lenye maana pale tu panapokuwa na meza inayofanya kazi, kwani Serikali hujua kukaidi meza kutaleta nini, na wafanyabiashara hujua wanadai lipi hasa.

Kodi imetawala mjadala huu kupita kiasi. Biashara imo ndani ya mji, na mambo mengi yanayoiua au kuikuza si ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la Kariakoo liliporomoka wakati watu wakiwa kwenye shughuli zao, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wa kwanza kuona waya uliochomoka au ukuta unaochimbwa chini ni mwenye duka la jirani, na mara nyingi hana pa kusema isipokuwa kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye anayechimbisha. Kama chemba ingekuwa na mjumbe katika kila jengo la biashara, mwenye namba ya mhandisi wa manispaa na wajibu wa kuandika ripoti, wafanyabiashara wangekuwa wanalinda maisha ya wateja wao pamoja na mali zao. Vivyo hivyo kwa stendi kuhamishwa, kwa mifereji inayofurika mbele ya maduka kila masika, kwa taa za barabarani zinazoamua kama soko litafungwa magharibi au saa nne usiku. Bajeti ya halmashauri inapojadiliwa, anayeweza kusema stendi ikihamishwa kilomita sita mama wa chakula watapoteza nini ni chombo kilichowaandikisha mama hao.

Mpakani kazi hiyo inaonekana wazi zaidi. Mwanamke anayevusha nyanya au vitenge pale Namanga, thamani ya mzigo wake isipozidi dola 2,000 za Marekani na bidhaa ikiwa ni ya nchi za Jumuiya iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa papo hapo mpakani, na hatozwi ushuru wa forodha. Utaratibu huo upo. Asiyeujua huona afadhali apitie njia ya panya usiku, ambako hatalipa ushuru lakini anaweza kunyang'anywa mzigo, na zaidi ya mzigo. Serikali za Jumuiya zinaweza kukaa Arusha na kutia saini, lakini habari hiyo haimfikii aliye na tenga kichwani mpaka awepo mtu wa eneo lake, anayezungumza lugha yake na anayemwamini, wa kumwambia achukue fomu ipi na dirisha lipi. Chemba ya Longido upande huu na ya Kajiado upande wa pili zingeweza kumweka mtu huyo kwa gharama ndogo kuliko kongamano moja, na ada ya mwaka ya kikundi cha wanawake 30 ingemlipa sehemu ya posho yake.